Ubwabwa wa Irabu

Arobaini ya Mwalimu Bakari tuliisomea Pemba ya Msumbiji, kwenye ua wa nyumba ya kupanga, kwa sababu mahali alipotaka kuzikwa siku hizi pana uzio na mlinzi. Nilikaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia la kapulana mbili, kanga za kwetu, zilizoshonwa pamoja, nikimenya vitunguu saumu vya pilau. Kando yangu alikaa Zuhura. Mara ya mwisho nilipomshika mkono alikuwa mtoto wa mapengo, na sasa ana mwanawe. Alimpakata, akamshika kidevu, akamwimbia kwa sauti ya kubembeleza: "A, avión. E, elefante. I, isla." Mtoto akacheka. Mimi kisu kikanitoka mkononi. Zuhura akadhani nimefurahi. "Dada Mwajuma, unakumbuka? Si wewe ndiye uliyetufundisha!" Nakumbuka. Ningekuwa na uwezo wa kusahau ningeshasahau zamani nikapumzika. Watu huniambia hasira ni hasara, nami nawajibu kwamba hasara tulishaipata, iliyobaki ni hasira, na hiyo siitoi kwa mtu.

Habari za kwetu, nani kamzaa nani na nani kamwoa nani, siziweki hapa. Naweka mwaka mmoja tu, ule ambao gesi ilikuwa imekwisha kuonekana huko baharini na kila aliyekuwa na fulana ya rangi ya machungwa alijiona mkubwa. Kijiji chetu, Mkwajuni, kilikuwa ng'ambo ya ghuba ya Palma. Helikopta zilipita juu ya minazi mpaka kuku wakaacha kuzikimbia. Lakini kijijini swali lilikuwa moja tu: tutahama au hatutahama? Mradi wa gesi ulitaka pwani yetu yote, na tuliambiwa kwamba sheria hairuhusu kijiji kuondolewa bila wenyewe kuulizwa na kukubali. Sisi tulikuwa hatujaulizwa, na jibu tulikuwa nalo tayari. Hapana. Aliyelishika jibu hilo kuliko wote ni Mwalimu Bakari, mwalimu wa chuo cha Kurani, mtu mfupi, mkali, mwenye mzaha wa kuchoma, ambaye alikuwa amemzika mkewe nyuma ya baraza ya chuo chake. Alikuwa akisema, "Mimi nimeshamwahidi mwanamke yule kwamba nalala ubavuni mwake. Nikihama nitamwambia nini, kwamba nimepata nyumba ya bati?" Watu walicheka, naye hakuwa akitania.

Eskolinya, shule ya watoto wadogo, ilifunguliwa kwenye ghala la zamani la mbata. Walipaka chokaa, wakaweka mikeka ya plastiki ya buluu na meza fupi, lakini harufu ya nazi kavu haikutoka, na jua likipanda kuta zile zilitoa mafuta yake kupitia chokaa kama mtu atokaye jasho. Mfadhili alikuwa Mradi. Mwalimu alikuwa mama mmoja wa Kihispania, Sinyora Pilar, ambaye mumewe alifanya kazi kwenye meli ya kuchimba. Alikuwa amechoka kukaa Palma akitazama dari, akaomba apewe watoto. Kireno alikijua nusu nusu, kwa hiyo aliamua kuwafundisha wadogo kile alichokijua, yaani Kihispania, aanze na irabu. Mtu mwenye akili zake angeuliza: watoto wa Mkwajuni, ambao nyumbani wanasema Kiswahili na Kimwani, chuoni wanasoma Kiarabu, na shule ya serikali inawangoja na Kireno, Kihispania wakifanyie nini? Nililiuliza. Jibu alilileta Bwana Saidi.

Bwana Saidi alikuwa mtu wa Mradi wa kuongea na vijiji. Alikuwa mwenzetu. Alizaliwa huku huku pwani, chuo alisoma, juzuu alihitimu, kofia yake ilikuwa nyeupe kuliko ya imamu. Aliingia kijijini kwa viatu vya ngozi, akavua kila mlangoni, akaamkia wazee kwa shikamoo iliyonyooka. "Wazazi wangu," alisema, "kampuni itakayojenga kambi ni ya watu wa Kiespanyoli. Mtoto atakayeanza leo ndiye mkalimani wa kesho. Mnataka kazi zote ziende kwa watu wa Maputo?" Hapo akina mama walipeana macho. Wazee wetu wana msemo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi siutaki tena msemo huo. Zimwi likujualo ndilo linalojua pa kuanzia kula.

Nilipewa kazi ya msaidizi kwa sababu nilikuwa nimesoma hadi darasa la kumi kule Mocímboa, Kireno nilikijua, na kwa mlango wa Kireno Kihispania cha Sinyora nilikielewa kwa kubahatisha. Asubuhi niliwanawisha watoto mikono, nikawapa uji wa Mradi uliokuwa na ladha ya dawa, kisha tunaanza. Sinyora alikuwa na kioo chenye mpini. Alimwekea mtoto mmoja mmoja mbele ya mdomo aone midomo inavyofunguka: A, kama kwa daktari. O, kama yai. Watoto walikuwa hawajawahi kupewa kioo cha kujitazama kadiri wanavyotaka, wakatoa ndimi, wakahesabu mapengo, Zuhura akajibusu. Ukutani palikuwa na picha za rangi: ndege, tembo, kisiwa, zabibu, na kwa herufi ya O mnyama mmoja mweusi, dubu, amesimama kwa miguu miwili.

"Huyu nani?" aliuliza Sinyora kwa Kihispania, nami nikafasiri.

"Fisi," alisema Zuhura. "Kanenepa."

"Oso," alisema Sinyora. "O, oso."

"Akaa wapi huyo oso?" Zuhura aliniuliza.

"Kwao Sinyora, kwenye baridi."

"Basi mwache huko huko."

Irabu zenyewe watoto walizisema siku ileile, bila kukosea hata moja. Wangekosea vipi? Ni sauti walizozaliwa nazo, na kila neno wanaloitiwa na mama zao linaishia kwa mojawapo. Sinyora alishika mashavu, akalengwalengwa na machozi, akasema hajaona watoto wenye vipaji namna hii. Nikamwambia, "Sinyora, hizi ni za kwetu. Lugha yetu ina hizi hizi." Akanishika bega kwa upole. "Ndiyo, Mwajuma. Lakini sasa wanazijua." Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, kisha nikaenda kuosha vikombe vya uji. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa viatu, alimpeleka mtoto mgonjwa Palma kwa gari la mumewe, na kila jioni alituaga mmoja mmoja kwa jina. Wema wake haukunipoza wakati ule wala haunipozi leo, kwa sababu mtu anayekupa kilicho chako na kungoja ahsante anakupunguza, hata kama anatabasamu.

Jioni moja Mwalimu Bakari aliniita barazani kwake. Alikuwa anakula mhogo wa kuchemsha na kitoweo cha samaki tasi, akanisogezea sahani bila kuuliza kama nina njaa. Zuhura na wenzake walikuwa hapo hapo na mbao zao za kuandikia, wanaimba alifu fataha a, alifu kasira i, alifu dhuma u. Walipomaliza hawakunyamaza, wakaendelea moja kwa moja na avión na elefante. Nikaogopa atawachapa. Mwalimu alitafuna, akasikiliza, akawaambia warudie.

"Hizi nazo irabu?" aliniuliza.

"Irabu, Mwalimu. Za Kihispania."

"Wamezimaliza zote?"

"Zote."

"Na huyo Sinyora wako kashapewa ubwabwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwetu mtoto anapomaliza irabu chuoni, kabla hajaanza kuunganisha herufi, wazazi humpikia mwalimu wake ubwabwa wa nazi. Watu hukusanyika, mtoto husoma mbele yao, husomwa fatiha, watu huinua mikono, huitikia Amin, hujipangusa uso, kisha hula. Mwalimu asiyepewa ubwabwa wa irabu amedhulumiwa, na mtoto wake, husemwa, elimu haimkai. "Mama wa watu kaacha kwao," alisema Mwalimu Bakari, "kafundisha irabu, na kijiji kizima hakijamtilia hata kijiko mdomoni. Akienda kwao atasema watu wa Mkwajuni hawana adabu. Nami atanihesabu humo humo." Nikamwambia Sinyora hajui habari za ubwabwa, hawezi kudai. "Asiyejua kudai ndiye wa kupewa kwanza," alisema, akarudi kwenye mhogo wake. Mpaka leo nikiukumbuka uungwana ule nafsi inaniuma. Tulitiwa kamba kwa adabu yetu wenyewe.

Bwana Saidi alipopata habari alifurahi kupita kiasi. Alileta magunia ya mchele, akaleta turubai, akasema wageni wawili watatu wa Mradi watakuja kula na sisi, maana furaha ya watoto ni ya wote. Siku yenyewe tulipika nyuma ya ghala tangu alfajiri. Wanawake walijipaka usoni msiro, ule unga mweupe wa mti, wakavaa kapulana za sare, watu wakaja mpaka kutoka Nyika ya Rovuma walikokuwa na jamaa, kwa kuwa hakuna anayeikosa sufuria kubwa. Nilikuwa nimeinama nakuna nazi pale Bwana Saidi alipopita na mgeni mmoja wa fulana ya machungwa, wakasimama upande wa pili wa ukuta wa makuti. Walizungumza Kireno. Kwao wapishi ni moshi, hawasikii.

"Wamejaa kuliko mikutano yetu yote," alisema mgeni. "Lakini watakubali?"

"Ngoja watoto wamalize," alisema Bwana Saidi. "Mwishoni wote watainua mikono. Mwambie wa kamera asikose hapo."

Nilisimama na kibao cha mbuzi kimening'inia kwenye kapulana yangu. Nilielewa maneno, maana yake ilichelewa kuniingia. Nilipomwendea Mwalimu Bakari alikuwa amekwisha kuketi mbele, kanzu imepigwa pasi, kamweka Sinyora kwenye kiti cha heshima kama bi harusi. Nikamnong'oneza yote. Akanitazama kana kwamba nimetukana. "Mwajuma, unasikia mambo ya watu nusu nusu. Yule kasoma chuo. Muislamu gani wa pwani hii atacheza na fatiha?" Nikamwambia basi tusisome, tuwape chakula, wakila waende. "Niwanyime watoto wangu fatiha yao kwa kumwogopa mpiga picha?" akasema, na uso wake ukajifunga. Nikaenda kwa Sinyora, nikamwambia kwa Kireno changu na Kihispania cha kuokoteza kwamba mikono itakayoinuliwa mwishoni ni ya kuomba Mungu, awaambie wenzake. Akaniambia ndiyo, ndiyo, ni nzuri sana, akanipigapiga mkono.

Watoto walisimama mstari mmoja, wamechanwa, wamepakwa mafuta. Waliimba irabu kwa nguvu zote. Kwenye oso Zuhura akasimama kwa ncha za vidole kama yule fisi mnene, na kijiji kikaangua kicheko. Vigelegele vikapigwa. Kisha Bwana Saidi akasimama, akasema kwa Kiswahili kizuri, kilichonyooka, kwamba Mradi unawapenda watoto hawa, unawatakia nyumba bora, shule bora na maisha mapya, na kila mwenye kuwatakia watoto hawa kheri amwombe Mungu. "Mwalimu, tufungie." Hakusema neno kuhama. Mwalimu Bakari akasema al-Fatiha, na mikono yote ikapanda, ya wazee, ya mama wenye watoto mgongoni, hata ya Sinyora aliyeiga. Wa kamera alizunguka toka mbele hadi nyuma. Amin ilitoka kwa kishindo. Mimi nilisimama mlangoni mwa ghala mikono imeshika pembe za kapulana yangu, sikuinua. Kisha watu wakala, wakashiba, wakasifu nazi.

Miezi kadhaa ilipita, mvua zikaisha, ndipo tukaitwa mkutanoni katika ghala lile lile. Meza fupi zilikuwa zimerundikwa pembeni, oso bado yuko ukutani. Bwana Saidi alitundika shuka, akawasha mashine. Tukajiona. Tulijisikia tunacheka, tukasikia sauti yake inatutakia maisha mapya, tukaona mikono yetu inapanda, na hapo picha ikasimama. Mikono mingi, juu, imetulia. "Wazazi wangu," alisema, "tuliwauliza, mkakubali, tena kwa karamu. Leo tunakuja kuelezana lini tunaanza."

Mwalimu Bakari alinyanyuka. Alinyoosha kidole kwenye shuka. "Ile ilikuwa fatiha."

"Mradi haujui fatiha, Mwalimu. Mradi umeona mikono."

"Sikuulizi Mradi. Nakuuliza wewe, mwana wa chuo. Wewe unajua?"

Bwana Saidi akatazama shuka. "Mimi nimetumwa tu, Mwalimu."

"Basi endeleza picha!" alipiga kelele. "Endeleza mbele kidogo, waone tunavyojipangusa uso! Nani duniani anakubali kuhamishwa halafu akajipangusa uso? Endeleza!"

"Betri imekwisha," alisema Bwana Saidi, na taa ya mashine inawaka mbele ya macho yetu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipokaa, na haijahama. Mgeni wa fulana hakujua, Sinyora hakujua na hakutaka kujua, nao nimewawekea hasira yao ndogo ndogo. Lakini huyu alijua. Alijua fatiha inaanza wapi na inaishia wapi, na akajua pa kuikata. Watu walipiga kelele, walikwenda Palma, walikwenda Mocímboa, wakaambiwa kila mahali kwamba jambo limekwisha, picha ipo. Sinyora alikuja kwangu macho mekundu, akasema hakuelewa, hakuelewa kabisa. Nikamwambia, "Nilikueleza, Sinyora." Akaondoka na mumewe, kioo akaniachia. Nilikitupa kisimani, kisha nikajuta, maana kisima kile tulikuwa tunakinywa bado.

Tulihamishwa. Nyumba za bati zilijengwa ndani bara, zimepangwa safu kama makaburi ya wanajeshi, na mtu aliyekuwa akisikia bahari akiwa kitandani ikabidi aipandie gari ili akaione. Kampuni ya watu wa Kiespanyoli haikuja. Mkalimani hakupatikana. Baadaye vita vikaja vikatutoa hata kwenye bati hizo, na wengine tukaishia Pemba, vyumba vya kupanga, nchi ya watu. Mwalimu Bakari alifundisha chuo kwenye ukumbi wa nyumba mpaka kifua kilipomzidi. Kila mara alipofika mtoto wa kumaliza irabu, aliupokea ubwabwa, akasoma fatiha yeye peke yake chumbani, mlango umefungwa. Watu walidhani ni uchawi. Mimi nilijua anachoogopa.

Nimeyakumbuka haya yote na kisu kimeanguka kwenye vitunguu. Zuhura alikuwa hata hajamaliza kumwimbia mwanawe hadi U, uva. Halina kosa, toto la watu, wala yeye hana. Kumbe yeye kitu alichobaki nacho cha Mkwajuni ni wimbo ule, bahari haikumbuki, chuo hakikumbuki, anakumbuka oso. Nikamwambia aendelee. Ndipo mjomba mmoja alipopita kwenye pazia akasema wageni wamefika, hata Bwana Saidi kaja, kaleta mchele.

Nilichungulia. Alikuwa amezeeka, tumbo limemtangulia, kofia bado nyeupe. Kakalishwa mbele kwa heshima ya mchele wake. Imamu alisoma, watu wakaitikia, mpaka akafika kwenye kufunga. "Al-Fatiha," alisema, na mikono ikapanda ua mzima. Mkono wa shangazi yangu ulinikamata kapulana, maana aliniona ninavyonyanyuka. Nikajivuta, nikalifunua pazia.

"Imamu, niwie radhi. Nina swali moja kwa Bwana Saidi."

Vichwa viligeuka. Imamu alifungua mdomo kunikemea, lakini mzee mmoja wa Mkwajuni aliyekaa karibu naye akasema, "Mwache aulize."

"Bwana Saidi," nikasema, "hiyo mikono umeiinulia nini?"

Akaitazama mikono yake. Hakuishusha. Mtu hashushi mikono katikati ya fatiha, na hilo nalo alilijua. "Dada, si namwombea marehemu."

"Kwa hiyo ni dua."

"Ni dua."

"Hukukubali kitu chochote hapo ulipo, wewe wala hawa wenzako?"

Macho yake yalikwenda kwa mzee wa Mkwajuni, yakaenda kwa mwingine, na kila yalipogusa palikuwa na mtu aliyewahi kula ubwabwa ule. Jasho lilimtoka chini ya kofia.

"Sema wasikie," nikamwambia. "Mwalimu alikuuliza, hukumjibu."

"Ni dua," alisema Bwana Saidi. "Ilikuwa dua."

 Mzee yule wa Mkwajuni alifumba macho. Imamu akaisoma fatiha mpaka mwisho, watu wakasema Amin, na Zuhura nyuma yangu akaisema pamoja na mwanawe. Sikuliteremsha pazia. Nilisimama palepale nikimtazama Bwana Saidi, mikono yake iko juu, mpaka alipoileta chini akajipangusa uso.